Barua kwa mwanangu: Lodi aliyekubali udiwani

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kila wingu likitanda, lakini jana alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi na dagaa wa kututosha wiki nzima, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Ama baada ya salamu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema majirani wa jengo lenu wanakushika mkono ugombee udiwani wa kata yenu huko London, kwa sababu ya ule ukungu mweusi unaoota kwenye kuta za vyumba vya watoto, kama kwa yule mama wa ghorofa ya nne, na kwa sababu wewe ni muuguzi na unajua kifua cha mtoto kinavyoumia. Umesema rafiki zako wa hospitalini wanakushangaa: mtu uliyesoma, mwenye kazi yako nzuri, unakwenda kufanya nini kwenye mambo ya mitaro na taka? Kisha ukaniuliza, kwa kuwa kila siku unapita Rosebery Avenue ukienda kazini, na umesikia kwamba mwenye jina hilo alikuwa Waziri Mkuu na pia mwenyekiti wa baraza la madiwani: “Baba, kweli lodi tajiri kama yule alikubali udiwani? Alifuata nini?”

Nimeona nikuandikie, maana jambo hili ni refu na simu hukatika. Nilifundisha historia miaka 31, nikawa diwani kipindi kimoja. Swali lako limenigusa pande zote mbili.

Ndiyo, mama, alikuwa diwani. Tena nionavyo mimi, ile ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya, kuliko uwaziri mkuu wake wote.

Jina lake la kuzaliwa ni Archibald Primrose. Alizaliwa London tarehe 7 Mei 1847, katika ukoo wa kimwinyi wa Scotland wenye makao yao Dalmeny, ukingoni mwa ghuba ya Forth karibu na Edinburgh. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3. Babu alipofariki mwaka 1868, cheo na ardhi vikamwangukia kijana wa miaka 20, akawa Earl wa 5 wa Rosebery. Pato lake linatajwa kuwa zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka. Mwalimu ni mwalimu tu, nimekaa nikapiga hesabu. Wapakuzi wa bandari ya London walipogoma mwaka 1889, madai yao yalikuwa peni 6 kwa saa. Kwa peni 6, mpakuzi angehitaji saa 1,200,000 kufikia pato la mwaka mmoja la Rosebery. Akifanya kazi saa 60 kwa wiki bila kuugua wala kukosa siku, ni karibu miaka 400.

Kabla ya hapo alikuwa amesoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, akiwa na akili kali na ulimi mtamu. Alikuwepo mwalimu wake mmoja, William Johnson, aliyempenda sana na kumjua vizuri. Mwalimu huyo aliandika juu yake kwamba ni miongoni mwa wale wanaotaka kuti la mtende bila vumbi. Zamani za Warumi mshindi wa mbio alipewa kuti la mtende, na mbio zenyewe zilikuwa za vumbi la kuziba pua. Yaani kijana alitaka sifa ya ushindi bila kuchafuka. Maneno haya yalimganda maisha yote, na nakuomba uyashike mpaka mwisho wa barua.

Kutoka Eton alikwenda chuo cha Christ Church, Oxford, akanunua farasi wa mashindano aitwaye Ladas. Chuo kikamwambia achague: masomo au farasi. Akachagua farasi, akaondoka bila shahada. Ladas akaingia mbio za Derby za mwaka 1869, akashika mkia.

Mwaka 1878 akamwoa Hannah de Rothschild, binti pekee wa tajiri mkubwa wa Kiyahudi, aliyekuwa ameachiwa kasri la Mentmore na mali isiyohesabika. Watu walinong’ona kwamba amefuata fedha. Mimi nikiyasoma maisha yao naona vingine. Hannah ndiye aliyemsukuma. Huyu bwana alikuwa mtu wa kususa haraka, akiguswa kidogo anarudi nyumbani kwenye vitabu vyake, na mkewe ndiye aliyekuwa akimrudisha uwanjani.

Sasa njoo London yenyewe. Mji ule ulikuwa mkubwa kuliko yote duniani, na hapakuwa na baraza moja lililochaguliwa na watu wake. Kulikuwa na vijibaraza vya mitaa, na juu yake bodi ya ujenzi iliyoundwa mwaka 1855, ambayo wajumbe wake walichaguliwa na vile vijibaraza. Nisiidhulumu bodi hiyo: harufu ya mto Thames ilipokuwa haivumiliki kiangazi cha 1858, ni mhandisi wake, Joseph Bazalgette, aliyejenga yale mahandaki ya majitaka ambayo mpaka leo yanafanya kazi chini ya miguu yako. Lakini miaka ilivyokwenda, baadhi ya maofisa wake wakaanza kujichumia kwenye viwanja vya umma. Ikaundwa tume ya uchunguzi, aibu ikatoka hadharani, na bodi ikavunjwa.

Sheria ya mwaka 1888 ikaleta mabaraza ya kaunti, na London ikapata baraza lake: madiwani 118 waliochaguliwa na walipa kodi, na wao wakateua wazee wa baraza 19. Uchaguzi ulifanyika Januari 1889. Rosebery, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa dola kubwa kuliko zote, akachukua fomu kugombea udiwani wa katikati ya jiji.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Rosebery alirithi cheo kabla hajatimiza miaka 21, na enzi hizo mwenye cheo kile aliingia Baraza la Malodi moja kwa moja. Hakuwahi kuketi kwenye lile Bunge la waliochaguliwa. Alikuwa amehutubia maelfu ya watu kwa niaba ya Gladstone, kiongozi wa chama chake, ameona kura zikihesabiwa, lakini zilikuwa kura za wengine. Kwenye udiwani ndipo wananchi walipoliona jina lake kwenye karatasi wakaweka alama. Mtu aliyepewa kila kitu kwa kuzaliwa, hiki kimoja hakuna aliyeweza kumrithisha. Naamini ndicho alichokifuata.

Baraza lilipokaa likamchagua mwenyekiti wa kwanza. Vikao vilifanyika Spring Gardens, karibu na Trafalgar Square, kwenye ofisi za ile bodi iliyovunjwa, na palikuwa finyu. Ajenda zilikuwa hizi hizi unazozijua: majitaka, zimamoto, madaraja, bustani, hospitali za wagonjwa wa akili, nyumba mbovu. Polisi hawakuwa mikononi mwao, wala shule kwa miaka ile ya mwanzo. Na kwenye viti wamekaa watu ambao hawakuwahi kukutana chumba kimoja: mabenki, wanasheria, wenye viwanda, na John Burns wa Battersea, fundi mitambo aliyewahi kufungwa jela baada ya ghasia za Trafalgar Square za mwaka 1887. Burns huyu huyu, Agosti 1889, alikuwa mbele ya maandamano ya wapakuzi wa bandari wakidai zile peni 6 nilizokuhesabia. Lodi na fundi wakawa wanaitana “mheshimiwa mjumbe”. Baraza likaamua kwamba mkandarasi anayetaka zabuni yake sharti awalipe mafundi mshahara unaotambulika kwenye fani yao. Nenda kauone uamuzi huo kwa jicho la mpakuzi au fundi mwashi wa mwaka 1889, siyo kwa jicho letu la leo.

Rosebery hakukaa pale kama pambo. Alihudhuria vikao vya baraza na akaingia kwenye kamati. Mama, kamati ndiko udiwani uliko. Kwenye baraza kuu watu husema. Kwenye kamati husoma makabrasha, huuliza bei ya saruji, hubishana kuhusu kipenyo cha bomba. Hicho ndicho nilichokiona hata mimi, na nitakueleza kosa langu moja ambalo sijawahi kukusimulia.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa udiwani. Kamati ililetewa mchoro wa mtaro wa kutoka nyuma ya soko letu kwenda korongoni. Mchoro mzuri, mstari wa buluu umenyooka. Nikaunyanyulia mkono. Sikwenda. Nilijiambia kwamba nimezaliwa mtaa ule, naujua. Masika yalipokuja maji yakafika pale mtaro ulipopinda, yakapanda juu, yakaingia kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza vitumbua barazani kwake. Niliitwa saa kumi na moja alfajiri. Nilimkuta ameketi juu ya kitanda, miguu ameipandisha, mfuko wa unga wa mchele umeloa chini yake umegeuka uji, na kuku wake watatu wamekaa kwenye kichwa cha cherehani. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu akanionyesha mwamba uliojitokeza nyuma ya ukuta wake, mwamba ambao kila mtoto wa mtaa ule ameukalia, nami pia. Maji hayawezi kupita pale. Kwenye mchoro haukuwepo. Tangu siku ile hakuna karatasi niliyoinyanyulia mkono kabla miguu yangu haijafika, na mtaro ule tuliuvunja na kuujenga upya, ikachukua miezi tisa.

Nimekumbuka hilo kwa sababu ya namna Rosebery alivyoizungumzia London. Mwandishi mmoja wa zamani, Cobbett, aliwahi kuuita mji ule uvimbe. Rosebery, akizungumza kama mtu wa baraza, akasema kama enzi hizo ulikuwa uvimbe, sasa ni nini? Ni matende, yanayofyonza uhai na damu na mifupa ya mashamba. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa neno hilo. Wewe umemwona marehemu babu yako mdogo, guu lake lilivyokuwa zito hata kanzu ilishonwa pana upande mmoja, na alivyokuwa akiliosha kwa maji ya uvuguvugu kila jioni bila kulalamika. Mtu anayeuona mji kama mguu wenye matende ameusogelea. Ameona kwamba unaendelea kuvimba wakati mwenye nao anadhoofika.

Na kweli walishika panapouma. Mtaa wa Old Nichol, Bethnal Green, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kutisha kabisa ya mashariki ya London, nyumba zimegandana, watoto wanakufa kama nzi. Baraza likaamua kuubomoa wote na kujenga nyumba za kupangisha, zaidi ya 1,000, nyingi kwenye majengo ya matofali mekundu yanayozunguka bustani ndogo ya duara iliyoinuliwa kwa kifusi cha nyumba za zamani. Mradi ukafunguliwa rasmi mwaka 1900. Majengo yapo, nenda ukayaone, panaitwa Boundary Estate. Lakini ukiwa pale kumbuka kwamba karibu wote waliobomolewa hawakurudi. Kodi ya nyumba mpya hawakuiweza. Ukiwa diwani utaletewa miradi ya namna hiyo, yenye picha nzuri za rangi. Uliza wanaotoka wanakwenda wapi.

Sasa nikueleze habari ya mama mmoja, maana inakuhusu zaidi kuliko ya Rosebery. Kwenye uchaguzi ule ule wa 1889 kata ya Brixton ilimchagua Lady Sandhurst, mjane wa jenerali aliyekuwa mkuu wa majeshi India. Mwinyi mwenzake Rosebery, umri wake umekwisha pita miaka 60, aliyekuwa akiendesha nyumba ya kulea watoto wagonjwa. Bow na Bromley wakamchagua Jane Cobden. Na baraza likamteua Emma Cons kuwa mmoja wa wale wazee wake.

Mgombea aliyeshindwa Brixton, Beresford Hope, akaenda mahakamani. Hakudai kwamba kura ziliibwa. Alidai kwamba aliyeshinda ni mwanamke. Sheria ilikuwa imesema mwenye sifa za kuchaguliwa ni “kila mtu” mwenye haki ya kupiga kura, na wanawake walipa kodi, wajane na wasioolewa, walikuwa na kura. Lakini kipengele kingine kilisema kwamba kwenye habari ya kupiga kura maneno ya kiume yawahusu pia wanawake. Majaji wakakishika hicho: kwa kuwa wanawake wametajwa kwenye kupiga kura peke yake, basi kwenye kuchaguliwa hawamo. Rufaa ikaangukia upande ule ule, na kiti akapewa mtu aliyeshindwa. Nilipokuwa nikifundisha kisa hiki wanafunzi wasichana waliniuliza, “Mwalimu, kwani mwanamke si mtu?” Katika lugha yetu swali hilo halina pa kujificha. Mtu ni mtu, yeye ni yeye.

Jane Cobden alitumia kipengele kilichosema uchaguzi usiopingwa ndani ya miezi 12 unahesabiwa halali. Akatulia miezi hiyo bila kushiriki kazi za baraza, kisha akaanza kupiga kura, na bado akashitakiwa na kutozwa faini. Lady Sandhurst alifariki Januari 1892. Wanawake waliruhusiwa kuketi kwenye mabaraza yale kwa sheria ya mwaka 1907, miaka 15 baada ya kufa kwake. Nilimweleza mama yako habari hii juzi tukinywa chai. Alinyamaza, kisha akasema, “Mwambie Zuhura hicho kiti kimekwisha lipiwa.”

Rosebery alijiuzulu uenyekiti Julai 1890. Novemba ya mwaka huo homa ya matumbo ikamchukua Hannah, na watoto wanne wakabaki na baba. Wanaomwandika wanakubaliana kwamba hakuwa yule yule tena. Mwaka 1892 baraza lilimpata tena kama mwenyekiti kwa miezi michache, na ndio mwaka barabara yako ilipofunguliwa na kupewa jina lake. Ilikatizwa katikati ya vichochoro vya Clerkenwell, na kwa kuwa pale pana bonde, ikabidi ipitishwe juu kama daraja. Ukishuka Warner Street utaona uko chini yake. Mwaka huo huo wapiga kura wa Finsbury ya kati, hapo hapo unapopita, walimpeleka bungeni Dadabhai Naoroji, Mhindi wa Bombay. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba wewe mgeni usijitie kwenye mambo ya mtaa ule, mwambie mtaa ule una mazoea yake tangu zamani.

Tena sheria yao iko upande wako. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kudumu cha kuishi, kama wewe, anaweza kupiga kura na kugombea udiwani bila kuwa na pasi yao. Na hili nalo lina mkono wa Rosebery kwa mbali. Januari 1884, akiwa Adelaide, Australia, aliwaambia watu kwamba taifa halina haja ya kujitoa kwenye dola lile, kwa kuwa dola lile ni jumuiya ya mataifa. Neno hilo alilolitupa jioni moja kule ndilo linaloibeba haki yako leo.

Lakini sitakuwa nimekujibu kwa haki nikiishia hapo, maana mtu huyu ana upande wa pili, nao unatuhusu sisi.

Agosti 1892 alirudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishikilia Uganda ilikuwa imefilisika na inataka kufungasha. Gladstone, Waziri Mkuu, alitaka waondoke. Mawaziri wengi nao vivyo hivyo. Rosebery akakaza kamba, akatishia kujiuzulu, mpaka ikakubaliwa apelekwe Sir Gerald Portal, mwakilishi wao Zanzibar, akaangalie hali na kuleta taarifa. Portal aliondoka Zanzibar tarehe 1 Januari 1893, akapanda kutoka Mombasa na wapagazi wa pwani, mizigo kichwani. Tarehe 1 Machi, msafara ule ungali njiani haujafika Kampala, Rosebery alisimama London akasema kazi yao ni kupiga vigingi vya madai kwa ajili ya siku zijazo, kama wachimba dhahabu wanavyowahi viwanja. Yaani jibu alikuwa nalo kabla wapagazi hawajatua mzigo. Mwaka 1894, yeye sasa akiwa Waziri Mkuu, Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata ikafuata nchi iliyo kati yake na pwani. Mwaka 1896 reli ikaanza kutandikwa kutoka Mombasa.

Nimewafundisha vijana hadithi ya Rosebery wa Uganda kwa miongo mitatu, na sikuwahi kuifundisha pamoja na ile ya Rosebery wa Spring Gardens. Zilikuwa sura mbili tofauti za kitabu. Ni baada ya kuingia barazani mwenyewe ndipo zikanigongana kichwani. Mtu yule yule! London aliuona mguu wenye matende, akauliza bomba linapita wapi, akakaa na fundi aliyetoka jela kwa sababu fundi yule ana kura kama yake. Afrika Mashariki aliona karatasi yenye nafasi tupu ya kupiga kigingi. Hakuwahi kufika. Hakuna aliyekuwa na kura ya kumwondoa. Mwamba nyuma ya ukuta wa mwenye nyumba haukuwepo kwenye mchoro wake, na hapakuwa na mtu wa kumwita alfajiri akauone. Simchukii, lakini simsamehei hilo, na sitaki nawe ulipite ukipita kwenye barabara yake.

Uwaziri mkuu wenyewe nitaupita haraka, maana hata yeye haukumpa raha. Aliupata Machi 1894. Mawaziri wake hawakuelewana, Malodi wakawa wanaziangusha sheria zao, usingizi ukamkimbia kabisa. Furaha aliyoipata ilitoka kwa farasi: Ladas mwingine, wa jina lile lile, akashinda Derby mwaka 1894, na mwaka 1895 farasi wake mwingine, Sir Visto, akashinda mbio zile zile. Juni ya mwaka huo wa 1895 serikali ikashindwa kwa kura 7 kwenye hoja ya akiba ya risasi za jeshi, naye akaondoka. Alikuwa na miaka 48. Aliishi miaka mingine 34 bila kushika tena ofisi ya serikali. Alihutubia, akaandika maisha ya wakubwa wenzake waliomtangulia, akasusa, akaombwa, akakataa. Mwanawe Neil aliuawa vitani Palestina mwaka 1917, na mwaka uliofuata yeye akapigwa na kiharusi.

Lile baraza la London aliloliongoza lilidumu mpaka 1965. Miezi yake pale ilikuwa michache kwenye maisha yake marefu ya siasa, na bado ndiyo ninayoweza kuionyesha kwa kidole: jengo lile, barabara ile, mshahara ule. Kasoro yangu kwake katika hilo ni moja, kwamba aliondoka mapema. Kwa hiyo nakuambia kama baba: kama utaingia ili uondoke baada ya mwaka na nusu, usiingie. Yule mama wa ghorofa ya nne hawezi kuanza kumweleza mtu mpya habari ya ukungu kila mara. Lakini kama uko tayari kukaa, kura yangu unayo, ingawa haihesabiki huko. Na kazi ya hospitali usiiache. Muuguzi aliyeshika kifua cha mtoto Jumatatu, Jumatano usiku akiingia kwenye kamati ya nyumba, hawatamzungusha kwa makaratasi.

Rosebery alifariki tarehe 21 Mei 1929 nyumbani kwake Epsom. Alikuwa ameagiza kwamba akikaribia kukata roho wapige kwenye santuri wimbo wa wapiga makasia wa shule yake. Wakaupiga. Maneno ya wimbo huo yalitungwa na William Johnson, yule yule mwalimu wa kuti la mtende na vumbi.

Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama lile koti zito alilokutumia linakutosha mabegani. Kabla hujajaza fomu yoyote, panda ghorofa ya nne, mwombe yule mama ruhusa, usogeze kitanda cha mtoto, uuguse ule ukuta kwa kiganja chako. Kisha niandikie ulikuwa na baridi kiasi gani, na maji yanatokea juu au chini.

Baba yako